Jirani Alikufa na Bluu

Majina sitayataja, lakini watu nitawataja. Sista wa kliniki ya sukari, yule wa kofia ngumu nyeupe na sauti ya kuita watoto wa shule mstarini, anajijua. Daktari wa Alhamisi, ambaye sikuwahi kujua macho yake yanafanana vipi kwa sababu hakuyainua kutoka kwa karatasi, anajijua pia. Na mzee wa mizizi pale getini, asijifiche nyuma ya mvi zake. Hao watatu ndio walioniulia jirani yangu, na mimi wakanikosa kidogo tu.

Sikusoma sana. Shule niliiacha darasa la pili, kwa sababu mwenye shamba la ngano upande wa Njoro alitaka watoto wa vibarua wafukuze ndege, na baba hakuwa na ubavu wa kukataa. Kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la ngumbaru, wanangu wakinicheka nikichanganya ra na la. Kwa hivyo ukikuta sentensi imepinda, iache hivyo hivyo. Ninachosema hakijapinda.

Kwenye shamba lile sukari ilikaa stoo, ndani ya pipa lenye kufuli. Siku ya posho mnyapara alichota kwa kikombe, halafu akapitisha kidole juu ya kikombe kuondoa kile kilima kidogo, kilima kikarudi kwa pipa. Mama alikuwa akikitazama kile kilima kikirudi, midomo ameikaza. Nyumbani chai ya sukari ilikuwa ya mgonjwa na ya mgeni. Nimewahi kuomba Mungu anipe homa.

Uhuru ulipokuja wazungu wengi wakauza wakaenda zao. Mume wangu akapata kazi kwa kinu cha unga mjini Nakuru, tukapata chumba Bondeni, kwa zile nyumba za manispaa zinazogusana mgongo. Mimi nikaweka karai la mandazi na birika la chai kando ya barabara ya kwenda stesheni. Nikaapa: hakuna kidole cha mtu kitakachopita juu ya kikombe changu tena. Chai yangu kijiko kilisimama ndani. Makuli wa stesheni walikuwa wakiniambia, "Mama, hii chai yako mtu anaweza kuitafuna." Na kila birika nililopika, la kwanza kuonja ni mimi.

Nikanenepa. Mume wangu akafurahi sana, akanitembeza Jumapili kanisani kama ng'ombe wa maonyesho. Watu wakasema, "Aa, una afya!" Sasa wewe mgeni unielewe vizuri. Hapa kwetu mtu akikwambia una afya, habari ya kuugua haimo. Anakwambia umejaza mlango. Neno hilo moja, nikikaa nikalifikiria, nalo limezika watu.

Jirani yangu alikuwa na afya kunizidi. Aliuza viazi na kabeji sokoni, na kati ya chumba chake na changu kulikuwa na ukuta mmoja mwembamba, hata akigeuka kitandani nilijua. Mimi na yeye tuliitana jirani tu, mpaka watoto wetu wakadhani ni jina. Alikuwa na mdomo. Siku moja alinikuta nafua blanketi, akaona sisimizi wamepanga mstari kutoka mlangoni mpaka kwa beseni tulilokuwa tukikojolea usiku, kwa sababu vyoo vya manispaa vilikuwa mbali na gizani kuna walevi.

"Jirani," akasema, "umefungua duka la sukari chini ya kitanda na hukunialika?"

Nikamwambia aende aangalie lake. Akaenda akicheka. Akarudi hacheki.

Ndivyo tulivyoanza kwenda kliniki pamoja. Ilikuwa zahanati moja, nyumba ndefu ya mabati mekundu, na Alhamisi ilikuwa siku ya watu wa sukari. Kila mmoja alikuja na mkojo wake kwa chupa ndogo, ameifunga kwa leso ili watu barabarani wasione. Haikusaidia kitu. Ukifika ndani, sista alipima mbele ya kila mtu. Alikuwa na dawa ya rangi ya bluu kwa kichupa cha kioo. Anatia matone ya mkojo wako, anashika kichupa kwa koleo juu ya moto wa spiriti, na sote kwenye mabenchi tunanyoosha shingo. Kama mkojo hauna sukari, dawa inabaki bluu. Ikiwa iko kidogo inageuka kijani. Ikizidi inakuwa ya manjano, halafu rangi ya chungwa, na ikizidi kabisa inakuwa nyekundu kama tofali.

Sista alikuwa akitangaza. "Bluu! Vizuri sana mama, wewe mtu wa akili. Chukua dawa, nenda." Na kwa yule mwingine: "Tofali! Tofali tena! Umekula nini, wewe? Umekula harusi ya nani? Kaa pale."

Pale ni benchi la peke yake, limeelekea ukuta. Tuliliita benchi la matofali. Ukikaa pale unakaa mpaka wa mwisho aondoke, ndipo unaitwa ukasemwe. Nimeona mzee mwenye wajukuu, mzee aliyekuwa mkubwa wa kanisa, akikaa pale akitazama ukuta, na wenzake wa bluu wanapita nyuma yake wakikohoa kwa makusudi.

Kwa hivyo tulifanya kile ambacho watu wowote wangefanya. Tulifunga. Jumanne jioni unakula mara ya mwisho, Jumatano unakunywa maji tu, Alhamisi asubuhi unakwenda ukiyumba, na bluu unapata. Ukitoka pale unapita moja kwa moja kwa hoteli iliyokuwa ng'ambo ya barabara, na wenye hoteli walikuwa wanatujua. Walitupikia mapema. "Watu wa bluu wamefika, leta chapati!" Siku nyingine zote tulikula vile tulivyotaka. Na wale waliokosa nguvu za kufunga walinunua mizizi kwa mzee wa getini, aliyekuwa amekaa kwa gunia lake akisema, "Dawa ya bluu! Dawa ya bluu! Hata ukila keki!" Alikuwa mwongo na tulijua ni mwongo, tukanunua.

Kitu kimoja hakikufanywa. Kwenye kabati la kioo nyuma ya sista kulikuwa na mashine ya presha. Tuliiona. Mpira wake umeviringwa vizuri, na kitambaa chake cha kijivu. Siku moja jirani aliuliza, kwa ule mdomo wake, "Sista, na hiyo ya kufunga mkono, ni ya maonyesho?"

Sista akamjibu bila kugeuka. "Hiyo ni ya wajawazito. Wewe una mimba?"

Watu wakacheka. Jirani naye akacheka, akapiga tumbo lake. "Hii nimebeba tangu Uhuru, sista, na haitaki kutoka."

Tulicheka mpaka nje. Kicheko hicho nakisikia bado, na bado nakichukia.

Miguu ya jirani ilianza kuvimba wakati wa mvua ndefu. Viatu vyake vya sokoni alivikata nyuma kwa kisu akavifanya ndara. Asubuhi nilisikia kupitia ukutani akikohoa, halafu nikasikia hakuna tena sauti ya kitanda. Nikamuuliza. Akaniambia siku hizi analala ameketi, ameegemea ukuta, kwa sababu akilala chali ni kama mtu amemkalia kifuani.

"Kumbe ni wewe umeegemea upande wangu," nikamwambia. "Ndio maana ukuta unasukuma."

"Sukuma na wewe," akasema. "Tuone nani ataanguka."

Alhamisi alimwambia daktari habari ya miguu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nilisikia. Daktari akauliza, "Rangi?" Sista akajibu, "Bluu, daktari. Huyu siku zote bluu." Daktari akaandika. Akasema, "Ni kusimama sana sokoni. Tafuta kiti." Hakumgusa. Mguu ulikuwa pale, umejaa kama mgomba, angenyoosha tu mkono.

Na mimi katika mvua hizo hizo nilipata malaria. Nasema malaria kwa sababu ndivyo nilivyoita. Nilikuwa nimeinama juu ya karai, ghafla jasho likanitoka, la baridi, nguo ikalowa kama nimemwagiwa maji. Tumbo likachafuka. Mkono wa kushoto ukawa mzito, mwiko ukaanguka ndani ya mafuta. Maumivu hakuna. Nilikaa chini kwa kreti, wateja wakanipepea na gazeti, mmoja akasema, "Mama, hii ni malaria ya kichwa." Nikanunua vidonge vichungu, nikalala siku mbili, nikaamka mdhaifu kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Alhamisi nikaenda kliniki. Nilikuwa sijala kwa kuugua, kwa hivyo unajua nilipata nini. Sista alinisifu.

Jirani alizidiwa mchana, sokoni, juu ya magunia yake. Waliniita mbio. Nilimkuta amekaa, midomo imebadilika rangi, anavuta pumzi kama mtu anayevuta kamba kisimani. Mwenye pikapu ya kabeji alimwaga kabeji zake chini, Mungu ambariki, tukampakia. Hatukumpeleka zahanati ile. Tulimpeleka hospitali ndogo ya daktari mmoja wa Kihindi mwenye kilemba, karibu na mjini kati, kwa sababu ndiyo ilikuwa ya kwanza njiani. Alinishika mkono njia nzima. Hakuweza kusema. Yeye, hakuweza kusema.

Yule daktari alikuja mbio mwenyewe, akamwekea chombo kifuani, akamdunga sindano, akaita watu, akafanya kila kitu anachofanya mtu anayejua amechelewa. Halafu akaniuliza mimi, haraka haraka, "Ana sukari?"

"Ndiyo."

"Presha yake ilikuwa ngapi?"

Nikamwambia, na nilisema kwa fahari, Mungu anajua, kama mama anayetaja namba ya mtoto wake darasani: "Alikuwa bluu, daktari."

Akanitazama. "Sijakuuliza rangi, mama. Presha."

"Siku zote alikuwa bluu," nikasema tena.

Jirani alikata roho kabla jua halijatua. Yule daktari alitoka akakaa na mimi kwa benchi la nje, hakuwa na haraka tena. Akaniuliza maswali mengine, polepole, nadhani alitaka tu kuelewa. Mkojo wake ulikuwa na povu, kama wa sabuni? Nikasema ndiyo, tulikuwa tukicheka kwamba anaweza kufulia. Alilala vipi? Ameketi. Baba yake alikufaje? Alianguka shambani akipalilia, na kaka yake vile vile. Kiuno chake je? Nikamwonyesha kwa mikono. Akatikisa kichwa. Akaniambia sukari ikikaa kwa mtu haikai peke yake, inatembea na presha, na mafuta ndani ya damu, na inakula mishipa ya moyo na figo kimya kimya, na mkojo unaweza kuwa safi asubuhi moja ilhali moyo umeshachoka. Kuna dalili, akasema, zinaonekana mapema.

Nilikaa pale nikifikiria. Povu tulilijua. Miguu tuliijua. Kulala ameketi, baba, kaka, kiuno, vyote tulikuwa navyo, tulivitembeza kila Alhamisi mbele ya watu waliosoma. Hakuna aliyeuliza. Walikuwa na swali moja, rangi gani, nasi tukawa na jibu moja, na jibu lenyewe tulikuwa tukilitengeneza kwa njaa.

Halafu daktari akaniuliza, "Na wewe mama? Wewe pia ni mtu wa sukari?"

Nikainuka nikaenda. Nilikuwa na hasira, sikutaka anihurumie. Na, wacha niseme, niliogopa. Njiani nilihesabu yangu. Povu, ndiyo. Kiuno, ndiyo. Mama yangu alikufa ameshika kifua. Sasa ikawa zamu yangu, na nilijua kabisa kwamba nikirudi kwa lile benchi nikiwa bluu, nitazikwa bluu.

Tulimzika jirani. Alhamisi iliyofuata sikufunga. Niliamka mapema nikapika chai yangu ile ya kusimamisha kijiko, nikanywa kikombe na kingine, nikala mandazi ya jana na ya leo. Ilikuwa chai yangu ya mwisho ya namna ile maishani, na nilikuwa nikijua, kwa hivyo niliinywa taratibu. Halafu nikaweka mkojo kwa chupa na nikaibeba mkononi barabara nzima, bila leso.

Mzee wa mizizi akanisalimia, "Mama, pole na msiba. Leo nikupe ya bluu?"

Nikamwambia, "Jirani alinunua kwako. Kamuuzie kule aliko."

Akainamisha kichwa kwa gunia lake.

Ndani, sista akaweka matone, akachoma, na kile kichupa kikageuka mbele ya wote, kijani, manjano, chungwa, mpaka kikawa tofali lililoiva vizuri. Akashangaa. "Wewe? Mtu wangu wa bluu? Tofali! Kaa pale."

Nikaenda benchi la matofali. Lakini sikuelekea ukuta. Nililigeuza. Lilikuwa zito, yule mzee wa kanisa akanisaidia upande mmoja, nadhani alikuwa akingoja miaka mtu aanze. Tukakaa tukiwaangalia. Nikakunja mkono wa nguo mpaka begani, nikaunyoosha mbele.

"Nini hiyo?" sista akauliza.

"Mkono."

"Nauona. Teremsha."

"Jirani yangu amekufa na bluu," nikasema. "Bluu yako, sista, uliyomsifia. Sasa mimi nimekuletea tofali, bluu chukueni wenyewe. Toa ile mashine kwa kabati."

"Nimekwambia hiyo ni ya—"

"Basi mimi nina mimba. Andika."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mzee wa kanisa akavua koti lake, akalikunja vizuri magotini, akakunja mkono wa shati. "Na mimi nina mimba," akasema kwa ile sauti yake ya kusoma Biblia. "Mapacha." Basi hapo kicheko kikapasuka, mabenchi yote, na katikati ya kicheko nikaona mikono inakunjwa, wa bluu na wa tofali, mikono mizito ya sokoni na ya viwandani, yote imenyooshwa.

Sista akaita daktari. Daktari akatoka akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikayaona macho yake. Yalikuwa macho ya kawaida tu ya mtu aliyechoka. Sikumhurumia. Akasema tutafukuzwa. Nikamwambia atufukuze kwa kutubeba, na aanze na mimi, aone kama ataniweza. Alinitazama ukubwa wangu. Akamwambia sista, "Fungua kabati."

Kile kitambaa kilipoukaza mkono wangu nilisikia damu ikipiga hadi masikioni. Sista aliangalia, akafungua, akafunga tena, akapiga pampu upya. Hakutangaza. Alimwita daktari, akamwonyesha, wakanong'onezana. Wakaniandikia niende hospitali kubwa ya mkoa siku hiyo hiyo.

Huko walinilaza wakanifunga nyaya kifuani na kwa vifundo vya miguu, mashine ikatoa karatasi ndefu yenye vilima. Daktari wa kule, kijana, akaipitia na kidole chake juu ya vile vilima. Akasema, "Mama, moyo wako ulishapigwa. Kuna kovu. Ulipatwa lini?"

"Sijawahi."

"Watu wa sukari wengine hawasikii maumivu. Unaweza kudhani ni homa. Jasho, kichefuchefu, mkono mzito."

Nikaona mwiko ukizama ndani ya mafuta. Nikamwambia, "Nilipigwa wakati wa mvua. Na Alhamisi ile walinipa bluu."

Wakaniwekea dawa za presha na za sukari. Nikapewa orodha ya vya kuacha, na nikaviacha, si kwa utii, kwa ubishi. Kila kikombe nilichokataa nilimkatalia sista. Nikapungua, watu wakaanza kunionea huruma barabarani, "Mama, umekwisha, una nini?" na mume wangu akaona haya kutembea na mimi Jumapili. Atembee peke yake. Nilizoea afya ya kujaza mlango. Hii ya kupita mlangoni nimeitafuta mwenyewe.

Kliniki ile siku hizi wanapima presha kabla ya mkojo. Sista alihamishwa, halafu akastaafu. Tulikutana sokoni mwaka jana, pale pale jirani alipokuwa akiuzia viazi. Miguu yake ilikuwa imevimba. Akanisalimia kama watu waliopatana, akaniambia na yeye sasa ana sukari, wamemwanzishia vidonge, na akanong'ona, akitabasamu, "Lakini niko bluu, mama. Siku zote bluu."

Sikumsamehe, na simsamehe sasa. Lakini nilimshika mkono wake wa kushoto mbele ya watu, nikamkunjia nguo mpaka begani, nikamwambia, "Nenda hivi hivi. Usiteremshe mpaka wakupime." Aliutazama mkono wake ulio wazi, kisha akatazama viatu vyake. Aliondoka bila kuuteremsha, nikamwona mpaka kona.

Mimi zangu huwa sikunji tena. Nguo zangu zote fundi amezikata mkono wa kushoto, hata ya kanisani. Vijana wa stesheni wananitania, "Mathe, fundi alikuibia kitambaa?" Nawaambia hapana, nimeuachia moyo dirisha. Wananicheka. Wacheke tu, kikombe chao nakimimina na sukari wanaweka wenyewe, na kabla ya kuweka, nawauliza baba zao walikufaje.